Bisibisi ya Baba Kwenye Gari la Umeme

Kaka, ngoja nikusimulie. Leo gerejini kwa baba limeletwa gari la umeme, eti linaishiwa nguvu mlimani. Unamjua baba: injini ya petroli huigusisha bisibisi, akatega sikio kwenye mpini, akakutajia ugonjwa.

Basi si akafungua boneti, akaingiza bisibisi ileile! Nikaona haya kumzuia mbele ya mteja.

Mteja akapiga ukelele: “Mzee, toa mkono! Waya huo wa rangi ya chungwa una umeme wa kuua!”

Wa kuua, kaka! Na mimi nimesimama tu!

Baba hakukasirika. Akaniuliza taratibu, “Mwanangu, haya magari ugonjwa wake husikilizwa wapi?”

Mimi, na mdomo wote huu: “Sijui, baba.”

Akafunga boneti. Akamwambia mteja, “Samahani. Katafute fundi.”

Fundi, kaka. Baba yangu!