Makofi ya Naomi

Tunduma

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamekupa nafuu baada ya baridi ya Mlalo kupungua, na kwamba shemeji sasa anakubali kupumzika walau siku moja moja, kama daktari alivyomwambia. Sisi huku tunaamka salama. Vumbi la malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia linatukausha koo, lakini chakula kipo, na binti yangu Elizabeti anauza mchele wake vizuri. Wateja wa Nakonde, ng’ambo ya mpaka, wanampenda kwa sababu huwasalimia kwa Kibemba kabla hawajauliza bei.

Uliponipigia simu uliniuliza kwa ukali, “Mmempeleka mtoto kufanyiwa majaribio kama panya?” Salio likaisha kabla sijajibu, na afadhali, maana jambo hili linataka kuelezwa polepole. Mjukuu wangu Naomi ni wajina wako. Una haki ya kujua yote.

Unajua ana miaka minane na bado hasemi. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea. Hospitali walituambia ubongo wake unakua kwa mwendo wake, wakaishia hapo. Halafu kanisani likasomwa tangazo: watafiti wa chuo kikuu wanatafuta familia zenye watoto waliochelewa kukua, na zenye watoto waliokua kama kawaida pia, ili walinganishe. Hata wazee walihitajika, kwa upande wa kumbukumbu, kwa hiyo na mimi nimo. Nilitajiwa maneno, tukazungumza mambo mengine, kisha nikaombwa niyarudie. Moja lilinitoroka kabisa. Jioni, katikati ya ugali, nikapiga kelele “Kijiko!” Elizabeti akainuka kuniletea.

Mkuu wa watafiti ni Daktari Zuhura, mama wa makamo kutoka Dar es Salaam. Siku ya kwanza alituambia hivi: “Hii si tiba. Naomi hataanza kusema kwa sababu ya kuja hapa. Tutakachojifunza kinaweza kuwafaa watoto wengine baadaye, na pengine yeye pia. Mkichoka, mnaondoka, na hakuna atakayewanyima huduma kwa sababu hiyo.” Nimekaa na wasomi maisha yangu yote, dada. Ni wachache niliowasikia wakianza kwa kutaja wasichoweza.

Basi siku ya vipimo ikafika. Mama mkwe wa Elizabeti, ambaye sote tunamwita Bibi, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Chitete, akataka twende naye. Naomi aliketishwa kwenye mkeka. Kijana anayemsaidia daktari, jina lake Ibra, akamnyooshea kitofali cha mbao ili ajenge mnara. Naomi akapiga goti, akakunja viganja, akapiga makofi madogo, po, po, po, ndipo akapokea. Kitofali cha pili, vilevile. Saa ya Ibra inakimbia. Muda ulipoisha mnara ulikuwa haujafika popote.

“Mama, haya makofi alianza lini?” Ibra akamuuliza Elizabeti.

“Ah, zamani! Tangu anajifunza kusimama.”

“Anarudia mara kwa mara?”

“Kila akipewa kitu,” Elizabeti akasema, anatabasamu. “Hasahau hata siku moja.”

Masikini, alidhani mwanawe anasifiwa. Ibra akasema kwa upole, “Pole, mama. Nimeandika kwamba anarudiarudia kitendo bila sababu. Watoto wengi wenye shida hii wanakuwa hivyo.”

Bibi akasimama, akamkabili Ibra. “Bila sababu? Weee mjukuu wangu, hayo siyo makofi, hiyo ni asante! Kwenu mtu akipewa kitu anakwapua tu kama kunguru?”

Nikueleze, dada. Watu wa huku, Wanamwanga na majirani zao, hupiga makofi ya viganja vilivyokunjwa wanaposalimia mkubwa au kupokea kitu. Mtoto hufundishwa kabla hajajua kutamka neno. Sisi wa Mlalo tungesema asante kwa mdomo. Naomi mdomo haumtii, akaishika ile ya mikono.

Watu waliokuwa wakisubiri zamu yao walicheka, lakini Elizabeti hakucheka. Akamnyanyua mtoto. “Tunaondoka. Mlisema tunaweza kuondoka. Neno moja tu mwanangu analoweza kuwaambia watu, nyinyi mmeliita ugonjwa.”

Kwa muda mrefu Elizabeti alikuwa akimkalisha mtoto nyuma ya magunia ili wateja wasimwone. Tangu tuanze kwenda kwa watafiti alikuwa ameanza kumtoa mbele. Niliogopa kwamba tukitoka pale kwa hasira, Naomi atarudi nyuma ya magunia, na safari hii asitolewe tena.

Daktari Zuhura hakujitetea. Alivua viatu, akaketi mkekani mbele ya Bibi. “Mama, nifundishe.”

“Siyo hivyo, unapiga kama unaua mbu! Kunja viganja. Sauti iwe nzito.”

Alijaribu mpaka Bibi akaridhika. Kisha akamwomba Elizabeti, siyo kwa kumshika mkono wala kumsihi sana, amruhusu ampe Naomi kitofali kimoja. Elizabeti akamshusha mtoto. Naomi akapiga makofi, daktari akamjibu kwa makofi, wote wakamaliza. “Sasa, Ibra, anza saa.” Mnara ukapanda, ukayumba, ukaanguka, na Naomi akacheka mpaka akalala chini.

Daktari akamwambia kijana wake, “Futa ile ya kurudiarudia. Na watoto wote wa huku tuliowaandikia hivyo, tuwarudie. Tuwaulize mama zao.” Ibra naye ni muungwana. Alimgeukia Elizabeti: “Samahani, mama. Niliona, lakini sikuuliza.”

Siwezi kukuahidi kwamba Naomi atasema, dada. Hata wao hawajaahidi. Lakini nimewaona watu wenye shahada wakifuta kazi yao mbele ya watu na kuanza upya, na nimewaheshimu kuliko kama wangepatia tangu mwanzo.

Kwa siku kadhaa sikujua kama Elizabeti atakubali turudi. Sikumsukuma. Jana asubuhi nikamkuta amemvisha Naomi gauni la Jumapili, anamfunga viatu pale mbele ya duka, barabarani kabisa. Jirani anayeuza vitenge akamtania, “Mama Naomi, leo harusi ya nani?”

“Hakuna harusi,” Elizabeti akajibu kwa sauti, wateja wanasikia. “Mwanangu anakwenda kazini. Kuna madaktari anawafundisha.”

Nisalimie shemeji, na mama mchungaji anayekusomea barua hii. Mwambie asiruke mistari. Wasalimie watoto wa marehemu kaka, na fundi wa paa, kama amemaliza. Bibi wa Chitete anakupigia makofi, na wewe umjibu hukohuko uliko.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Yona