Barua Niliyoiandika Vizuri

Jumatatu, 6 Novemba

Nimemwagilia mchicha. Nimekunywa chai bila sukari, kama daktari alivyoagiza. Nimeandika kurasa tatu za mada ya semina: umaskini, ugaidi na uhuru wa kiuchumi. Watakaosikiliza ni watendaji wa kata na viongozi wa dini kutoka Kibaha na Kisarawe. Barua ya mwaliko ina makosa saba. Nimeyasahihisha kwa kalamu nyekundu, kisha nikaona sina wa kumrudishia.

Hoja ya kwanza imekaa vizuri. Maskini walio wengi huamka, hulima, hula kidogo, hulala. Hawamdhuru mtu. Anayesema umaskini huzaa ugaidi anawasingizia watu wengi mno.

Hapa Visiga kimya leo. Malori tu barabarani.

Jumanne, 7 Novemba

Hoja ya pili. Anayekwenda msituni kushika bunduki aghalabu si yule asiye na kitu kabisa. Amesoma kiasi. Amejaribu jambo, akazuiwa. Amejaribu tena, akazuiwa tena. Nimeorodhesha dalili: elimu ya kati, biashara iliyovunjwa na kanuni, kujitenga na ndugu, kuuza mali ghafla, kuzima simu. Orodha safi. Sioni kasoro.

Hoja ya tatu ni fupi. Uhuru wa kiuchumi ni mtu kuweza kumwuzia amtakaye mazao aliyoyapanda mwenyewe. Niliisoma mara mbili. Nilipokuwa bado nafundisha uchumi chuoni nilikaa kwenye kamati iliyopendekeza korosho ziuzwe kwa mnada mmoja tu wa ushirika. Nilitia sahihi. Tulikuwa na sababu: wachuuzi walikuwa wakiwapunja wakulima kwenye vipimo. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli. Kamati sikuitaja kwenye mada.

Alhamisi, 9 Novemba

Mdogo wangu Mwanahawa amekuja kutoka Kisarawe. Alitoka alfajiri. Hakuvua hata mtandio, akakaa ukingoni mwa kiti.

Mwanawe Shomari haonekani, leo siku ya kumi na mbili. Ana miaka ishirini na saba na stashahada ya biashara. Msimu huu alinunua korosho za majirani nje ya ushirika, ile biashara wanayoiita kangomba. Magunia yakakamatwa. Akaitwa ofisini, hakwenda. Akauza pikipiki. Akamwambia mama yake asimtafute. Simu imezimwa. Kabla ya hapo alionekana mara mbili na wanaume wawili wasiojulikana pale kijijini.

“Mtoto nimekuletea wewe, kaka,” akasema. “Wewe ndiye mjomba wake. Usimpe mtu mwingine.”

Kwetu Wazaramo mtoto wa dada ni wa mjomba. Akikosa, huletwa kwa mjomba. Mjomba humtafuta, humkemea, humsimamia. Baba yake hukaa pembeni na kusubiri. Nilisema nimesikia. Nikampa nauli na mchicha.

Alipoondoka nilifungua mada, ukurasa wa tano. Nikaisoma orodha. Dalili zote zipo.

Ijumaa, 10 Novemba

Sikuandika kitu. Nilikwenda kuswali, nikarudi. Sikumbuki hotuba ilihusu nini.

Jumamosi, 11 Novemba

Nimeandika barua kwa vyombo vya usalama. Ukurasa mmoja na nusu. Jina kamili, umri, elimu, mwenendo, dalili moja baada ya nyingine. Nimeandika kwamba aghalabu mtu wa namna hii huwa amekwishaamua kabla ndugu hawajashtuka. Nimeomba azuiwe kabla hajavuka mpaka wa kusini.

Lengo langu ni kumwokoa. Naliandika hapa ili nilione kwa maandishi.

Ningeweza kwanza kuwauliza rafiki zake. Ningeweza kwenda mwenyewe nikakaa pale siku tatu, kama mjomba anavyopaswa. Semina ni tarehe ishirini na mbili na mada haijakamilika. Hiyo ndiyo sababu. Si nzuri.

Jumatatu, 13 Novemba

Nimeipeleka barua kwa mkono. Afisa aliyeipokea ni kijana mwenye adabu. Aliisoma yote akiwa amesimama. Akasema hajawahi kupokea taarifa iliyopangwa vizuri hivi.

Nilifurahi. Nimeona aibu kuandika kwamba nilifurahi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Alhamisi, 16 Novemba

Mwanahawa amepiga simu saa nne asubuhi. Watu wa usalama wamekuja na magari mawili. Wamepekua nyumba, wametoboa godoro, wamechukua daftari la Shomari na picha yake ya chuo. Kijiji kizima kilisimama barabarani kutazama.

Hakupaza sauti.

“Walisoma karatasi mbele yangu. Hawakusema imetoka kwa nani. Lakini kaka, mtu gani mwingine anasema ‘aghalabu’?”

Nikaihamishia simu sikio la pili.

“Nilikuletea mtoto. Hukunambia hata neno.”

Akakata. Nikabaki nimeshika simu. Sikusikia uchungu. Nilisikia njaa. Nikala viazi vilivyobaki jana.

Jumapili, 19 Novemba

Nimempigia mara nne. Hapokei. Mume wake amepokea mara moja, akasema, “Shemeji, mama Shomari amepumzika.” Ilikuwa saa tano asubuhi. Mwanahawa huuza vitumbua barazani kwake tangu saa kumi na mbili. Nikauliza habari za biashara. Akasema, “Zimelala na unga wake.”

Hakuna anayenunua. Watu hawataki kuonekana wamesimama pale.

Jumatano, 22 Novemba

Semina imefanyika. Ukumbi ulijaa. Kipaza sauti kililia mwanzoni, kisha kikatulia. Nilizungumza dakika arobaini bila kutazama karatasi. Walipiga makofi kwenye hoja ya kwanza. Kwenye orodha ya dalili wote waliinamisha vichwa na kuandika. Niliwaona wakiandika. Shekhe mmoja aliomba nirudie ya nne.

Wakati wa maswali alisimama mama mmoja, mtendaji wa kata kutoka Magindu. Mnene, ana sauti ya kuita ng'ombe.

“Shikamoo mzee. Mimi sikusoma uchumi, nisamehe. Kwangu kule vijana wenye dalili hizo nawajua kwa majina. Wamesoma, wamezuiwa, wameuza pikipiki, simu zimezimwa maana hawana vocha. Sasa kati ya vijana elfu moja wa namna hiyo, wanaokwenda huko msituni ni wangapi?”

Nikasema karibu hakuna.

“Eh. Basi orodha ya nini, baba? Si nitawafunga wote, nibaki na wazee na mbuzi?”

Ukumbi ulicheka. Hata shekhe alicheka. Nilieleza kwamba dalili husaidia kulielewa kundi, hazitoshi kumhukumu mtu mmoja. Nililieleza kwa ufasaha. Nilifundisha jambo hilo kwa miaka mingi, na wanafunzi waliolikosea nikawanyima alama.

Katikati ya sentensi nikasahau kitenzi. Nikanywa maji. Nikamalizia.

Ijumaa, 24 Novemba

Nimerudi kwa yule afisa na barua ya pili. Nimeandika kwamba nilikosea; kwamba ninachokijua ni mwenendo wa makundi, na kuhusu Shomari mwenyewe sijui chochote; kwamba niliandika bila kumwuliza mtu hata mmoja aliyemjua. Nimeomba ya kwanza ifutwe.

Aliisoma akiwa ameketi.

“Mzee wangu, ile ya kwanza iliandikwa na mtaalamu,” akasema. “Hii imeandikwa na mjomba.”

Nikamwambia ile ya pili ndiyo sahihi. Akasema zote mbili zitakaa kwenye jalada. Akanisindikiza hadi mlangoni akiwa amenishika kiwiko.

Jumanne, 28 Novemba

Wamempata Shomari.

Yuko Kwala. Yaani alikuwa Kwala. Kwenye viwanda vipya, kwa kibarua cha kubeba zege. Kutoka kwangu Visiga ningeweza kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Wale wanaume wawili walikuwa wanakusanya vibarua. Pikipiki aliiuza kuwarejeshea majirani thamani ya korosho zao zilizokamatwa kabla hajawalipa. Simu aliizima kwa kuogopa wito wa ofisi. Alijiandikisha kwa kitambulisho cha rafiki yake, na kazini walimwita Hamisi. Alipanga kurudi Kisarawe mambo yakipoa.

Afisa alinieleza haya kwa simu kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha akasema kijana bado anahojiwa, kwa sababu ya jina la uongo. Jina la uongo nalo ni dalili, akasema. Haikuwepo kwenye orodha yangu. Ameiongeza.

Jumatano, 29 Novemba

Mchicha umeanza kutoboka majani. Wadudu. Sikufanya kitu.

Jumanne, 5 Desemba

Nimekwenda mahali anapohojiwa. Nimekaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa. Hawakuniruhusu kumwona. Mwanahawa naye alikuwepo, upande wa pili wa benchi, na kanga imefunga chupa ya uji. Alinisalimu. “Shikamoo.” Nikaitikia. Uji ulipokelewa. Tuliondoka kila mtu na njia yake.

Nafikiria ile hoja ya tatu. Shomari alitaka kununua korosho na kuziuza. Huo ndio ukubwa wa kosa lake. Mimi nilikuwa mmoja wa waliofunga mlango huo, kwa nia njema na kwa sahihi yangu. Kisha nikamtazama aliyegonga mlango, nikaona hatari. Nimeandika sentensi hii kwa utulivu kabisa. Mkono hautetemeki. Ningependa utetemeke.

Ijumaa, 15 Desemba

Ameachiwa. Hakuna shtaka. Kule Kwala nafasi yake imekwisha kuchukuliwa na mwingine.

Jumapili, 17 Desemba

Mkutano wa kijiji, Kisarawe. Nilimwomba mwenyekiti nafasi, akanipa mwishoni, baada ya suala la kisima. Nilisimama mbele ya watu wapatao sitini. Nikasema mimi ndiye niliyeiandika barua. Nikasema Shomari hana hatia, wala hajawahi kuwa nayo. Nikasema nilikosa kama mjomba na nilikosa kama mtu aliyesoma.

Mzee mmoja, tuliyecheza naye utotoni, akauliza kwa sauti, “Kwa hiyo profesa, yule gaidi aliyekuwa anatafutwa ni wewe?”

Watu wakacheka. Nikasema hapana. Wakacheka zaidi. Mwenyekiti alipiga meza.

“Lakini jamani,” akasema mwanamke mmoja nyuma, “sisi tuliokimbia vitumbua vya mama Shomari, tumeandika barua gani?”

Hapo hawakucheka. Mkutano ukafungwa kwa dua.

Shomari hakuwepo. Mwanahawa alikuwepo. Alipita karibu yangu akasema, “Njoo Jumamosi, ule.” Hakusimama.

Jumatano, 20 Desemba

Waandaaji wa semina wanataka kuichapisha mada katika kijitabu kwa watendaji wote. Wameomba sahihi yangu. Nimeukata ukurasa wa tano. Wakapiga simu, wakasema ukurasa huo ndio watu wanaoupenda. Nikasema basi msichapishe.

Kwenye hoja ya tatu nimeongeza aya moja kuhusu kamati, na nilichokitia sahihi. Ni aya mbovu. Ina kurudiarudia. Nimeiacha hivyo.

Jumamosi, 23 Desemba

Nilifika Kisarawe saa sita. Njia ya Pugu ilikuwa na matope. Barazani beseni la vitumbua lilikuwa na vitatu tu, vingine vimeuzwa. Nilivihesabu bila kutaka.

Shomari alitoka ndani. Amekonda, nywele zimenyolewa chini. Akaja, akainama kidogo, akatoa mkono. “Shikamoo.” “Marahaba.” Akaniletea maji ya kunawa, akanishikia kitambaa. Alifanya yote. Hakuacha hata moja.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nikayasema: nilikukosea, nilipaswa kukutafuta kwa miguu yangu. Alisikiliza hadi mwisho, macho kwenye beseni la maji.

“Imekwisha hiyo,” akasema. “Wewe ulikuwa na kazi zako.”

Nikamwuliza sasa atafanya nini. Akasema bado. Labda muhogo. Muhogo haumwiti mtu ofisini. Baba yake alicheka kidogo, naye akacheka kidogo. Nikajaribu.

Chakula kikaja. Wali wa nazi, kuku, mchicha. Mwanahawa aliweka sinia mkekani, katikati ya mume wake na Shomari. Wakasogea, wakakunja miguu, mikono ikaingia sinia moja, kama tulivyokula sote katika nyumba hii tangu baba yetu alipokuwa hai.

Mimi aliniwekea kiti na meza ndogo yenye kitambaa. Sahani ya kaure. Paja la kuku peke yake. Kijiko.

“Karibu sana, kaka,” akasema. “Jisikie nyumbani.”

Nikashukuru. Nikala kwa kijiko. Wali ulikuwa umeiva vizuri.