Mafuta ya Breki

Jumanne, 9 Juni 1998

Pistoni ya tatu ya breki imetoka. Nimeisugua kwa msasa laini na maji tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Kutu imebaki vidoa vidogo kama punje za ufuta. Itatoka. Mikono yangu inanuka chuma. Eda inanikataza manukato, haikutaja kutu.

Leo siku ya thelathini na saba. Sitoki nje ya ua huu. Salim, mume wangu, alikufa na gari lake mwenyewe, lile GT la kijani la mwaka sabini alilolinunua bovu hapa Isipingo, huku kusini tulikohamia, na kulifufua kwa miaka minne. Breki zilikataa kwenye mteremko wa Bluff, akaingia ukutani. Sijalia tangu matanga. Wanaokuja kunipa pole wananitazama machoni, wanangoja.

Jumapili, 14 Juni

Shemeji Idi amekuja, mdogo wake Salim. Amerudia yale yale. Marehemu aliuawa na ubishi wa kutaka vipuri vya orijino. Angefunga breki mpya za pick-up kama alivyoshauriwa, angekuwa hai. Amemwambia hata mama yao Tanga kwa simu, na sasa mama mkwe anaamini mwanawe kajiua kwa ukaidi. Leo simpendi Idi.

Mimi nilimwona Salim akizunguka yadi za magari mabovu mwaka mzima kutafuta breki zile. Pistoni nne kila upande, za kiwandani, za gari lile lile. Hakuwa mtu wa kulipua kazi. Ndiyo maana nilimwomba Idi azifungue zote kutoka kwenye gari aniletee. Alisita, akaleta. Nazisafisha moja moja. Kama kuna ufa wa zamani au pistoni iliyoganda, nitaiona. Kama hakuna, mama mkwe atajua kwamba mwanawe hakukosea.

Jumatano, 24 Juni

Mama Furaha wa chumba cha mbele, Mkongo mwenye saluni, kaleta ugali na sombe, kisamvu cha kwao. Kanikuta na brashi ya waya. "Ee dada Zuhura, bwana iko mu udongo, weye unacheza na machuma? Batu banasema umepata wazimu."

Nikamwambia waseme.

Sombe ilikuwa nzuri, nadhani. Nilikula tu.

Ijumaa, 3 Julai

Upande wa kulia umekwisha. Hauna ufa hata mmoja. Pistoni zinateleza kwa kidole.

Upande wa kushoto chuma kimepasuka. Nilikigeuza mara nyingi dirishani. Ufa unang'aa, ndani hauna kutu. Kwa hiyo ni mpya, umetokana na ukuta. Nilipaswa kufurahi. Nilikiweka chini nikafua nguo.

Nahitaji nusu nyingine ya breki ya upande huo, badala ya hii iliyopasuka. Nimemtuma Idi kwa Mzee Naidoo, fundi mstaafu wa reli aliyempatia Salim seti nzima. Kaenda kwa shingo upande.

Jumamosi, 11 Julai

Mzee Naidoo kaja mwenyewe, na mkewe. Kaleta kile chuma kimefungwa kwenye gazeti. Alikaa barazani, mimi ndani ya mlango. Alizikagua kazi zangu, akasema Salim angeridhika. Sikuhisi kitu.

Kisha akaona sahani yenye raba za zamani, zile zinazozunguka pistoni kuzuia mafuta yasivuje. Mimi nilikuwa nimezitenga za kutupa. Zilikuwa zimevimba kama maharage yaliyolowekwa. Nilidhani ni uzee. Akaiminya moja, akainusa. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba humu mmetiwa oil.

Nikamjibu ndiyo, breki si zinatiwa mafuta?

Akatikisa kichwa. Breki haziwekwi oil ya injini hata tone, alisema. Zina maji yake, yana jina lake. Oil inavimbisha raba, raba ikivimba breki zinajibana zenyewe, zinaungua, na kwenye mteremko hazishiki tena. Aliuliza ni fundi gani aliyefanya hivyo.

Kwetu yote ni mafuta. Ya kupikia, ya taa, ya injini, ya breki. Nikaenda kumletea mkewe maji.

Jumatatu, 13 Julai

Nimechukua vikombe viwili vya kioo. Kimoja nimetia mafuta ya breki aliyoacha mzee. Cha pili nimetia kutoka kwenye kopo lililoko juu ya rafu ya Salim, lisilo na karatasi ya jina. Raba mpya moja kila kikombe. Naandika ili nisijidanganye baadaye.

Siku mbili kabla hajafa tulikuwa tunatoa hewa kwenye breki. Yeye chini ya gari, mimi juu na faneli. Kopo likaisha. Akasema, "Ongeza mafuta, Zuhura." Nikashusha lililofuata kwenye rafu, ndilo hili. Rangi ile ile ya asali. Akasema ahsante, mke wangu.

Alhamisi, 16 Julai

Raba ya kikombe cha kwanza iko vile vile. Ya pili imevimba, imekataa kuingia kwenye mfereji wake.

Ni mimi.

Nimeandika, nimesoma tena. Hakuna kilichotokea. Nimepika chai.

Jumapili, 9 Agosti

Wiki tatu sijagusa daftari. Raba mpya zimeingia, pistoni zimerudi, nimekaza boliti kwa mpangilio aliokuwa akinifundisha Salim.

Naweza kunyamaza. Naidoo hajui nani aliyetia. Idi ana hadithi yake, na watu wameshaizoea. Shida ni kwamba nikinyamaza, Salim analala na ubishi ambao haukumuua, na mama yake anamkasirikia maiti. Najiogopa. Hilo nalihisi vizuri.

Jumamosi, 22 Agosti

Breki zimekamilika. Nyeusi, safi, zimejipanga mezani. Naidoo atazichukua, anajua gari lenzake linalozitafuta.

Idi alipokuja nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Kopo, faneli, vikombe. Nilitegemea anitukane.

Akaigusa breki moja mezani. "Nilinusa oil siku ile ile nilipozifungua, shemeji. Salim hawezi kukosea hivyo. Nikajua ni wewe, msaidizi wake."

Nikamuuliza kwa nini basi kila siku anamsema marehemu.

"Marehemu hasikii. Wewe unasikia."

Miezi mitatu nimemchukia mtu huyu. Sijui nimshukuru au nimpige. Nilimwambia asiseme tena. Nitasema mwenyewe.

Jumatano, 9 Septemba

Eda imekwisha jana. Nimeoga, nimevaa gauni la bluu. Mama Furaha kanisindikiza kwa taxi mpaka Point, bandarini, kwenye duka la simu la nduguye, akaenda kusimama nje bila kuambiwa.

Mama mkwe alipokea mwenyewe. Nilisema haraka. Breki za Salim zilikuwa nzima. Kazi yake ilikuwa safi. Niliyetia mafuta yasiyo ya breki ni mimi, sikujua, lakini ni mimi.

Nilisikia jogoo wa Tanga, na mtu akichota maji.

Kisha akauliza, "Umekula, mwanangu?"

Nikasema bado.