Barakoa Kwenye Shavu Bovu

Jumanne, Dutwa. Jua kali, upepo wa vumbi tangu asubuhi. Sina hamu ya kuongea na mtu, ndiyo maana naandika.

Shavu langu la kushoto lina ugonjwa wa neva. Upepo ukiligusa, mswaki ukiligusa, hata pindo la khanga, ni kama nimepigwa shoti ya umeme. Kinachonisaidia ni sindano ya kuituliza hiyo neva, na anayejua kuichoma ni daktari aliyekuwa akija Bariadi kutoka Mwanza. Corona ilipoingia, akaacha kuja.

Wiki iliyopita nesi alinipigia simu: daktari yupo Jumanne, njoo.

Basi leo mimi na mume wangu, Baba Kulwa, tukapanda gari la Bariadi. Madirisha yote wazi, amri ya kondakta, eti corona. Nilisafiri kichwa kimelala magotini, mume wangu akinikinga upepo kwa koti lake.

Kwenye geti la hospitali mlinzi akasema, "Mayu, mama yangu, bila barakoa huingii."

Nikamweleza kwamba ugonjwa wenyewe ndio huo, kitambaa kikigusa hapa nakoma. Akanisikiliza vizuri tu. Akasema ananielewa, ila si yeye aliyepanga.

Yaani ili shavu litibiwe, kwanza nilitese.

Nikavaa.

Sitaeleza nilivyouvuka ule uwanja. Machozi yaliilowesha barakoa, na ikilowa inang'ang'ania zaidi. Ndani nesi alitupokea kwa upole, lakini hakututazama machoni. Safari ya daktari imezuiwa asubuhi hii hii. Kwa sasa wanahudumia dharura tu, sindano za maumivu zisubiri.

Mume wangu si msemaji. Ni mtu wa ng'ombe, na ofisini huingia kofia ikiwa mkononi. Leo alisema taratibu, "Dada, mke wangu hali chakula, usiku halali. Dharura ni mpaka afe?"

Nesi akafungua kabati. Akanipa vidonge vilevile ambavyo mwili umeshavizoea.

Tumerudi. Nimekunywa uji kwa mrija. Wanangu wananong'ona kana kwamba kuna msiba ndani, na hilo linaniudhi kuliko yote.

Najua corona inaua. Jirani yetu tumemzika. Sibishani na hilo hata kidogo.

Lakini nimechoka kuwa mgonjwa asiyehesabiwa kwa sababu bado anatembea.

Baba Kulwa anasema tumfuate daktari hukohuko Mwanza. Nimekubali. Wakinirudisha tena, nitawauliza: aliyeamua kwamba maumivu yanaweza kusubiri, yeye aliwahi kuumwa?