Keki Niliyoisifu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana ukiisoma umesimama goti litakulaumu, nawe utanilaumu mimi. Linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imefika? Na shangazi bado anaikataa miwani yake? Huku sisi ni wazima. Mimi nimenenepa kidogo, na fundi cherehani ameshalifumua gauni mara mbili huku akinitazama kama mwizi.

Uliniuliza kwenye simu tumefikia wapi na keki ya harusi, nikakujibu kwa mkato kwamba mambo yanakwenda. Kuna jambo ambalo sikutaka kukuambia kwa simu. Ngoja nianze mwanzo.

Mwenye kutuokea ni mama mmoja mchangamfu ambaye mtaa mzima unamwita Mama Sukari. Duka lake ni chumba cha mbele cha nyumba yake: meza ndefu yenye kitambaa cha plastiki, friji inayonguruma, na ukutani picha za maharusi, kila mmoja na kisu mkononi. Jumamosi saa nne huwakatia wateja vipande vidogo waonje, ndipo waagize.

Mara ya kwanza tulikwenda wawili, mimi na mchumba wangu. Nilionja ya vanila, nikasema tamu. Ya limau, tamu. Ya chokoleti, tamu. Mama Sukari akacheka, akasema bibi harusi wa namna hii anampenda, maana wengine humtoa jasho. Alipouliza basi tuchukue ipi, nikasema yoyote. Mchumba wangu alinitazama kidogo, kisha akasema turudi wiki ijayo.

Wiki hiyo mama yake akajiunga nasi. Unamjua mama mkwe: hawezi kumpita jirani bila kumwambia kwamba mwanawe anaoa mpishi wa hospitali, anayelisha wagonjwa mia mbili na hakuna sahani inayorudi na chakula. Alikaa katikati yetu, mkoba mapajani, akatangaza kwamba leo mtaalamu ndiye ataamua, sisi wengine tufunge midomo. Mtaalamu ni mimi, Mama.

Vikaja vipande vinne kwa kila mmoja. Vitatu vikapita salama. Cha nne kilikuwa cheupe, laini, na krimu yake ya baridi kutoka kwenye friji. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha utaalamu. Nikafumba macho, nikatafuna taratibu, nikasema hii ndiyo keki ya harusi yangu. Nikasifu hata harufu, jinsi vanila ilivyopanda puani. Nilipofumbua macho, mama mkwe alikuwa ametema chake kwenye leso, na mchumba wangu ameshika glasi ya maji kwa mikono miwili. Mama Sukari akainusa sahani, akakimbilia friji, akaanza kumwita mumewe kwa sauti iliyofika barabarani. Mzee wa watu alikuwa ameweka samaki wake humo tangu jana bila kufunika. Keki nzima ilinuka samaki.

Wote wakanigeukia.

Mama, hapa ndipo ninapokuomba msamaha. Sisikii harufu. Tangu yale mafua makali, miezi saba iliyopita, pua yangu haijarudi. Chumvi naijua, sukari naijua, lakini kitunguu, karafuu, embe, sabuni, kwangu vyote ni kimya. Nilikuficha kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kupika kwa pua, ukinifunga kitambaa machoni nikuambie sufuria imefikia wapi, na ulijivuna kwa watu kwamba pua yangu imeishinda yako. Niliona haya. Niliogopa na kazi yangu. Nikawa napika kwa kukumbuka na kwa kuhesabu vijiko, huku nikimwomba Mungu.

Yote hayo niliyasema pale mezani nikilia. Nikamwambia mama mkwe kwamba mpishi anayemsifu hayupo tena, na akitaka tuahirishe harusi nitaelewa. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, akacheka mpaka mkoba ukaanguka. Akasema maisha yake yote ameogopa kupikia watu, kwa kuwa marehemu mumewe hakuacha kumwambia chakula chake hakina ladha, na leo Mungu amempa mkwe atakayekula kila kitu bila kulalamika.

Na mchumba wangu? Alijua. Alijua tangu siku maziwa yalipoungua nyuma yangu nami naendelea kumpigia hadithi. Nilikulalamikia kwamba kila mchana, kabla ya chakula kupakuliwa, huliacha nje gari la wagonjwa analoendesha na kuingia jikoni kwangu akidai njaa, akichovya kijiko kila sufuria. Kumbe alikuwa ananionjea! Huwa anasema tu, "Hapa ongeza kitunguu saumu," kisha huyoo. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alijibu kwamba siri ilikuwa yangu, hakutaka kuninyang'anya.

Mama Sukari akafunga mlango wa duka, akaniuliza ulimi wangu bado unahisi nini. Nikasema ukali, baridi, na kitu kinachovunjika menoni. Akaingia jikoni. Baada ya saa nzima akatoka na keki ya moto, tangawizi mbichi imetwangwa ndani kwa wingi na karanga zilizokaangwa juu. Nikauma. Mama, iliwasha! Ilipanda mpaka machoni, nikaruka kwenye kiti. Kwa mara ya kwanza tangu mafua nilikuwa nakula kitu chenye jina lake. Tumeagiza hiyo, tabaka tatu.

Jumatatu nikamweleza mkuu wetu wa jikoni. Hakunifukuza, amenipa mwenzangu wa kuonja, sufuria zimebaki kwangu. Daktari anasema pua huenda ikarudi, huenda isirudi.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na shangazi umkumbatie kwa niaba yangu. Njoo wiki moja kabla ya harusi, tafadhali, usingoje siku yenyewe. Kipande cha kwanza nitakachokata ni chako. Wewe utaniambia kinanukia nini, nami nitakuambia kinawasha kiasi gani.

Mwanao akupendaye,
Kitindamimba wako