Funda la Kwanza la Uji

Milalani, Msambweni,
Kwale.
9 Julai 2025

Mpendwa mwanangu Twaiba,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute na nafuu. U hali gani huko Doha? Juzi kwenye simu sauti yako ilikuwa imeziba kwa mafua, nami nikajua hujatia kitu cha moto tumboni. Sisi huku ni kushukuru, ingawa baridi ya kusi imekaza na kila nyumba ina mtu anayekohoa.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu tunalia tu sote wawili, salio linaisha hatujasemezana. Swabir, mwana wa jirani yetu Jumwa, anarudi kazini huko. Yeye ndiye atakayekupa bahasha hii pamoja na pilipili manga.

Uliniuliza jambo moja: je, Fauzia anakula? Ukasema kama hali, utauvunja mkataba urudi. Tulia nikueleze.

Tangu tumzike mama yako, mwanao hakutaka chakula. Siku za hanga, kama ujuavyo, jiko la nyumba yenye msiba haliwashwi. Majirani ndio hupika wakaleta. Vililetwa vyakula vya kila namna, Fauzia akavitazama tu. Kisha homa ya mafua ikamshika, macho yakamwiva, midomo ikakauka. Nikaingiwa na hofu. Mtoto wa miaka saba hana akiba mwilini.

Hanga lilipokwisha niliwasha jiko la marehemu mwenyewe, nikapika uji wake. Nakueleza ili nawe upike. Loweka mchele, kisha uuponde uwe chenga, usiwe unga. Uchemshe kwa tui jepesi, pamoja na tangawizi iliyopondwa, pilipili manga na chumvi kidogo. Ukiiva, tia sukari na tui zito, na usiache kukoroga, maana tui likichemka bila mwiko hukatika. Ukali wa pilipili ndio unaofungua kifua.

Nikamtilia katika kikombe chake peke yake, nikamketisha kando. Nimefundisha sayansi miaka mingi, najua mafua yanavyoambukiza. Akakishika kile kikombe mpaka uji ukafanya utando juu.

"Pilipili imezidi, mjukuu wangu?"

"La."

"Tui limepungua?"

"La. Mbona wewe hunywi?"

"Wewe ndiye mgonjwa, mama."

"Bibi Mbeyu nikiugua alikuwa akinywa funda la kwanza. Akisema, 'Nimeuonja ugonjwa wako, hauna lolote. Haya, malizia.' Sasa huu nani ameuonja?"

Twaiba, mama yako alikuwa mdogo wangu, nilimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea, na maneno hayo sikuwahi kuyasikia. Labda wewe unayajua. Labda nawe uliuguzwa kwayo.

Nilikichukua kikombe, nikanywa funda moja, nikayasema yale maneno. Fauzia akanitazama, akaupokea uji, akaunywa wote huku machozi yakidondokea humo humo kikombeni. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akilia tangu maziko.

Tangu hapo anakula. Si sana, lakini anakula. Bado akitoka madrasa hupitia mlango wa jikoni kwanza, akachungulia ndani, ndipo aje kuniamkia. Simwulizi anatafuta nini.

Mafua nami yalinipata, bila shaka. Jumwa akanicheka: "Mwalimu, hayo umeyataka mwenyewe, tena kwa kikombe!" Jana nilikuwa nimelala, Fauzia akaniletea uji kutoka kwa Jumwa. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akanywa funda la kwanza, akafuta mdomo.

"Nimeuonja ugonjwa wako, bibi. Hauna lolote. Haya, malizia."

Niligeukia ukutani kwanza, ndipo nikaweza kunywa.

Kwa hiyo usiuvunje mkataba kwa hofu. Sikwambii huzuni imekwisha. Nyumba hii ni kubwa mno siku hizi, na kinu kimesimama pale pale alipokiacha. Nakwambia tu kwamba mtoto anakula.

Nawe ukiupika huo uji, usinywe peke yako chumbani. Mgongee Eunice, yule mwenzako wa Lunga Lunga, umpe kikombe anywe funda la kwanza. Mfundishe na maneno.

Mjomba wako Boga anakusalimu sana, na Jumwa pia, na Alamin wa dukani ambaye haachi kukuulizia. Fauzia amebusu karatasi hapa chini. Hilo doa ni la uji, usilifute. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, na amlaze mama yako mahali pema.

Ni mimi mama yako mkubwa, ninayekupenda sasa kwa niaba ya wawili,

Mesalimu