Fimbo Tulizochagua Wengine Wakifunga Mizigo

Baba Ngalula, mume wangu,

Barua hii nimeinakili kwa mkono mara sita, na kila anayekwenda Kasai nampa moja, maana sijui uko mji gani, wala kama uko popote. Atakayeifungua njiani aisome tu, sina siri tena. Ninachotaka ni kujua kama u hai. Na kuna neno nililolisema pale stesheni ambalo lazima ulisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Unakumbuka zile wiki baada ya uporaji? Watu walikuwa wamebeba kila kitu kutoka nyumba za Wazungu, hata milango. Ndipo fimbo za gofu zilipoanza kuonekana soko la Katuba, zimelazwa juu ya magunia kati ya vitasa na masufuria. Wauzaji wenyewe hawakujua ni za nini. Mmoja alikuwa akifukuzia mbuzi kwa yake.

Wewe ulikuwa umepandishwa cheo kwenye kampuni, na direkta alikuwa amekwambia kwamba wakubwa wa ofisi hukutana uwanja wa gofu kila Jumamosi. Kelele za kuwafukuza watu wa kwenu, wa Kasai, zilikuwa zimeshaanza mitaani. Ulivua viatu mlangoni ukaniambia, "Mama Ngalula, muntu mwenye kucheza na direkta, nani atamugusa?" Nami nikaamini. Nikafunga kitambaa, nikakufuata sokoni.

Mimi nilichagua ile ndefu kuliko zote, yenye kichwa kikubwa kinachong'aa. Baba Mwape, jirani yetu aliyezeeka akiwabebea wachezaji mifuko, alicheka mpaka akakohoa. "Mama, ile iko ya benye kuzoea," alisema. "Wa kuanza anatwaa fimbo mufupi, kichwa yake ilale kidogo, mupira ipande yenyewe." Akakusimamisha wima katikati ya soko, mikono inaning'inia, akapima kutoka kiganja chako mpaka chini, kwa sababu fimbo ya mtu mrefu si ya mtu mfupi. Akasema tano zinatosha: tatu za chuma, moja ya mbao yenye kichwa kidogo, na moja ya kusukumia mpira shimoni. Mfuko mkubwa uliojaa, alisema, ni wa kujionyesha.

Tukazitafuta moja moja. Ile ya chuma ya pili uliipata kwa kutoa koti lako la harusi, ukaingia nayo nyumbani unaimba, kumbe ilikuwa ya mtu wa mkono wa kushoto. Tukarudi sokoni kubishana na yule mama aliyekuuzia mpaka akachoka na sisi. Nami nikakushonea glavu kwa ngozi ya mkoba wangu. Niliishona ya mkono wa kulia, kwa kuwa unapiga kwa kulia. Baba Mwape akatuambia inavaliwa kushoto. Hukunigombeza. Uliigeuza ndani nje ukaivaa kushoto, mishono yangu yote ikawa nje, ukaenda nayo hivyo hivyo mbele ya wakubwa. Nilikupenda sana siku ile.

Lakini siku zile zile watu wa kwenu walikuwa wanafunga mizigo. Jirani wa ng'ambo ya barabara alipata lori la wafanyabiashara wa Kivu akatuwekea nafasi. Ulisimama uani unaniangalia, unangoja niseme. Ni mimi niliyesema. "Imebaki ile ya kusukumia tu. Tuipate kwanza." Lori likaondoka. Nimejilaani kwa maneno yale, Baba Ngalula, kila ninapopika na kila ninapofagia.

Ulicheza Jumamosi mbili. Direkta alikupa mkono, akasema unajifunza haraka. Vijana walipoingia mtaani kwetu na orodha ya nyumba, ulichukua mfuko wa fimbo ukakimbilia kwake. Mlinzi akakujibu kwamba patron wake hayuko, na gari lake lilikuwa palepale uani, unaliona.

Kisha ile stesheni, mlikofukuziwa kungoja treni ya Kasai; mimi, kwa kuwa si wa kwenu, waliniacha nyumbani na mtoto. Maelfu ya watu chini ya maturubai, watoto wanaharisha, maji hakuna. Siku tisa nilisonga bukari nikakuletea na dagaa. Tukakubaliana: behewa likifika, unapanda kwanza kushika nafasi, mimi nakufuata na mtoto. Nilikuwa nimeshafunga nguo zake.

Behewa likafika. Ngalula alikuwa mgongoni mwangu. Ulikuwa mlangoni, umenyoosha mkono, unaita, "Mama Ngalula, leta mutoto! Leta mutoto!" Kijana mmoja wa wale wenye orodha, mshipi wa ngozi mkononi, akanishika bega. Alinisalimu kwa lugha ya nyumbani kwetu, kaskazini, lugha ya marehemu baba yangu. Kisha akauliza kwa Kiswahili, "Mama, weye iko wa kwetu. Ule ni bwana yako?"

Ulikuwa unaniangalia. Nikasema, "Apana. Simuyue."

Niliogopa mshipi. Niliogopa angemvuta mtoto. Hizo ndizo sababu zangu, na hata mimi mwenyewe nikizisikia hazinitoshi. Sijui kama ulisikia neno lenyewe, kwamba sikujui. Lakini uso wako ulinionyesha kwamba ulielewa. Mkono wako uliendelea kunyooka hata magurudumu yalipoanza kuzunguka.

Sasa ni mvua ya pili tangu siku ile. Kampuni haifanyi kazi, ofisi yenu imeota majani madirishani. Katekista aliyetoka Kasai alisema wengi walifia ndani ya mabehewa, wakazikwa kando ya reli bila majina. Kaka zangu wanataka nihesabiwe mjane, niolewe na mtu wa Lukafu mwenye shamba. Wamenipa mpaka mwisho wa mwezi. Ngalula ameniuliza baba yake ni nani, nikamwambia jina lako lote, kwa sauti, dirisha likiwa wazi. Nimechoka, mume wangu. Sina tena pa kushika.

Siombi unisamehe. Siombi urudi. Kama u hai, wanaokuletea barua hii watakuuliza kama unamjua mwanamke aliyeiandika. Sema hapana. Sema mbele yao wote kwamba hunijui, walete neno hilo hapa Lubumbashi. Likinifikia, nitajua u hai, nitapiga magoti nishukuru.

Mke wako,
mama ya Ngalula